Kupakia Mnyama Mkubwa kwenye Pikapu Ukiwa Peke Yako: Mwongozo Kamili kwa Mwindaji Mwenye Leseni

Mwindaji anayetoka Dar es Salaam na leseni yake, akavuka Chalinze au Daraja la Mkapa kuelekea eneo alilopangiwa, huwa ametumia muda mrefu kuandaa bunduki na risasi, na muda mfupi sana kufikiria kitakachofuata mnyama akishaanguka. Kongoni dume ana uzito wa takriban kilo 150. Kuro dume hufikia kilo 250, nyumbu haachwi mbali naye, na pundamilia huweza kufika kilo 300. Pofu na nyati ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa dume la nyati huwa na kilo 600 hadi 800, na dume la pofu huweza kuzidi hapo. Bodi ya pikapu iko sentimita 80 hivi kutoka ardhini, na mtu mmoja hana mgongo wa kupandisha uzito wa namna hiyo hadi kimo hicho. Wapo waliojaribu, na wengi wao leo wanatembea wameshika kiuno.

Mwongozo huu unahusu kazi hiyo peke yake: kumtoa mnyama pale alipoangukia hadi awe amelala bodini na kufungwa vizuri, bila msaidizi. Ikiwa askari wa wanyamapori anafuatana nawe, kumbuka kwamba yeye yuko kazini kusimamia sheria na usalama, kwa hiyo panga safari yako kana kwamba hakuna mkono wa pili. Ninachukulia pia kwamba nyaraka zako zimekamilika, kwa sababu Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila leseni, na nyama isiyo na karatasi zake ni kosa hata kama imepakiwa kwa ustadi.

Kanuni ninayoisimamia katika kila hatua ni hii: shusha gari kwanza, kisha buruta mnyama, na kuinua kuwe njia ya mwisho kabisa. Kila sentimita unayoipunguza kati ya ardhi na bodi kwa kutumia umbile la ardhi ni uzito ambao hutauvuta kwa mkono.

Maandalizi kabla ya kuondoka mjini

Kifaa cha kwanza ni winchi ya mkono. Zipo za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko bei inavyoonyesha. Aina ya kwanza ina meno na kizuizi kidogo tu, na kizuizi hicho kikiteleza, mpini huzunguka kinyumenyume kwa kasi inayoweza kuvunja mkono. Aina ya pili ina breki ndani yake, hivyo ukiachia mpini mzigo hubaki pale ulipo. Kwa mtu aliye peke yake porini ninashauri aina ya pili bila kusita, hata kama itakulazimu kuzunguka maduka ya vifaa ya Kariakoo siku nzima kuitafuta. Chagua yenye uwezo ulioandikwa wa angalau kilo 500, ukijua kwamba uwezo huo hupimwa waya ukiwa kwenye mzunguko wa kwanza wa pipa la winchi; kadiri waya unavyojirundika, ndivyo nguvu ya kuvuta inavyopungua.

Winchi inahitaji mahali pa kushika. Bodi ya pikapu imetengenezwa kwa bati jembamba, na ukifunga winchi kwenye ukuta wake wa mbele bila kitu kingine, bati litapinda au kuchanika katika mvuto wa kwanza. Mwone fundi wa kuchomelea, Gerezani au popote unapomwamini, akutengenezee fremu ya bomba la chuma la mraba itakayosimama nyuma ya kabini, huku boliti zake zikipita sakafu ya bodi hadi kwenye chesisi. Winchi ikae sentimita 60 au 70 juu ya sakafu ya bodi. Kimo hicho kina sababu: waya unapovuta kutoka juu kidogo, kichwa na mabega ya mnyama huinuka vinapofika ukingoni mwa bodi badala ya kukwama hapo.

Ongeza kapi moja ya chuma yenye uwezo wa angalau maradufu ya ule wa winchi. Wengi huifunga kapi kwenye fremu na kudhani wamepunguza uzito, lakini kapi isiyotembea hubadili mwelekeo wa kamba tu. Inayopunguza ni kapi inayotembea pamoja na mzigo: waya unatoka kwenye winchi, unazunguka kapi iliyofungwa kwa mnyama, kisha unarudi kufungwa kwenye fremu. Hapo winchi huvuta takriban nusu ya nguvu inayohitajika, ingawa utazungusha mpini mara mbili zaidi na utahitaji waya wenye urefu maradufu. Fremu, kwa upande wake, bado inabeba mvuto wote, na ndiyo maana nimesisitiza boliti zifike kwenye chesisi.

Kwa ngazi ya kupandishia, nunua mbao mbili za inchi mbili kwa nane zenye urefu wa futi kumi, zisizo na vifundo vikubwa wala nyufa. Mbao ngumu ni bora, ila ni nzito. Paini iliyonyooka inafaa kwa mnyama wa kilo 200 ikiwa ni nzima. Fundi aliyetengeneza fremu afunge kwenye ncha ya kila ubao bapa la chuma lililokunjwa ili ling'ang'anie ukingo wa bodi, kwa maana ubao unaoteleza na kuanguka katikati ya kazi ndio chanzo cha ajali nyingi.

Kitu ambacho wengi hawakijui, na ambacho kwangu kina thamani kuliko winchi ya bei ghali, ni pipa la plastiki la lita 200. Tafuta lililokuwa na chakula au mafuta ya kula, usichukue la kemikali. Kata mfuniko na kitako, kisha lipasue upande mmoja kutoka juu hadi chini, nawe utapata karatasi nene ya plastiki yenye urefu wa karibu mita 1.8 na upana wa sentimita 90. Toboa matundu kwenye ncha moja kwa ajili ya kamba. Mnyama akilala juu yake, msuguano hupungua sana, ardhini na hata kwenye mbao.

Vilivyobaki ni vya kawaida: glavu za ngozi kwa ajili ya waya na glavu za mpira kwa ajili ya kupasua, mikanda minne ya kufungia mzigo, kabari mbili za magurudumu, kamba isiyovutika, turubai, kisu kizuri na kinoleo chake, msumeno mdogo wa mfupa, tochi ya kichwani, na deli lenye barafu. Kamba ya nailoni iache nyumbani kwa kazi hii, kwa sababu hunyumbuka inapovutwa, na ikikatika hurudi kwa nguvu yote iliyokuwa imeikusanya.

Mnyama akishaanguka

Usimkimbilie. Subiri, kisha mwendee kutoka upande wa mgongo, mbali na miguu na pembe, bunduki ikiwa tayari. Gusa jicho lake kwa fimbo ndefu. Jicho lisilopepesa ni dalili ya kifo, na jicho lililofumba linastahili mashaka. Nyati hasa ameua watu waliodhani amekwisha. Anayetaka kuchinja kwa mujibu wa dini yake asiuruke uhakikisho huo kwa ajili ya haraka. Ukisharidhika, ondoa risasi kwenye bunduki na uiweke mahali unapoweza kuifikia lakini ambapo haitaangukiwa na kitu.

Mpasue mapema. Katika joto la pwani na nyanda za jirani, tumbo huanza kuvimba haraka na nyama iliyo karibu na mfupa wa paja huharibika kabla ya ile ya juu. Kutoa matumbo kunaokoa nyama na wakati huo huo kunaondoa karibu robo ya uzito, na kwa wanyama wanaocheua huweza kuwa zaidi ya hapo, kwa kuwa tumbo lao hujaa majani na maji. Kuro wa kilo 240 anaweza kubaki na kilo 170 hivi, na hiyo ni tofauti kati ya kazi ngumu na kazi isiyowezekana. Vaa glavu za mpira. Mnyama uliyemkuta ameshakufa, hasa mwenye damu isiyoganda inayotoka puani au kwenye tundu jingine la mwili, usimguse wala usimpasue, kwa sababu hizo ni dalili za kimeta, na ugonjwa huo huua binadamu. Toa taarifa kwa ofisi ya wanyamapori au ya mifugo iliyo karibu.

Harufu ya damu itawaita fisi, na mahali pengine simba. Jua likiwa linaelekea kuzama, fanya uamuzi mapema kama utapakia mzima au utakata vipande, kwa sababu katikati ya kazi gizani si wakati wa kubadili mpango.

Kuchagua mahali pa kuegesha

Hapa ndipo kazi inaposhindwa au kufanikiwa, nami naomba msomaji apatilie muda mrefu kuliko anavyodhani panastahili. Kabla ya kusogeza gari, tembea kwa miguu mduara wa mita 50 kumzunguka mnyama ukitafuta tofauti ya kimo. Ukingo wa korongo kavu, kingo ya barabara ya zamani, mteremko mfupi, hata kichuguu kikubwa kilichobomoka upande mmoja, vyote vinafaa. Unachotaka ni mahali ambapo gari litasimama chini na mnyama atakuwa juu, ili bodi na ardhi vikaribie kulingana. Ukipata kingo ya sentimita 50, umebakiwa na sentimita 30 za kupanda, na mbao zako zitalala karibu sawasawa.

Kichuguu kina faida na hatari zake. Udongo wake ni mgumu na haubomoki kirahisi, lakini matundu yake ni makazi ya nyoka, kwa hiyo piga chini kwa fimbo na usitie mkono usipoona. Kwenye korongo, angalia juu kama kuna wingu la mvua upande wa milimani, na hakikisha una njia ya kutoka ukiwa na mzigo. Gari tupu huingia mahali ambapo gari lililojaa halitoki.

Pasipo na kingo, unaweza kuchimba. Mashimo mawili ya kina cha sentimita 25 kwa ajili ya magurudumu ya nyuma, yenye mteremko upande wa mbele wa kutokea, huchukua nusu saa kwenye udongo laini na hupunguza kimo kwa karibu theluthi. Kwenye udongo mfinyanzi uliolowa usifanye hivyo, kwa sababu utalala hapo.

Ukishaegesha, zima injini, ingiza gia, vuta breki ya mkono hadi mwisho, kisha weka kabari mbele na nyuma ya gurudumu moja la nyuma. Fungua mlango wa nyuma wa bodi na, ikiwezekana, uvue kabisa. Mlango huo unashikiliwa na waya au minyororo myembamba ambayo haikukusudiwa kubeba kilo 200 zinazokokotwa juu yake. Kama haung'oki, tegemeza chini yake kwa gogo kabla ya kuweka mbao.

Kumleta mnyama na kumpandisha

Mgeuze mnyama ili kichwa kielekee gari. Nywele za mwili hulala kuelekea nyuma, hivyo ukimvuta kwa kichwa huteleza, na ukimvuta kwa miguu ya nyuma kila unywele unapingana nawe. Funga miguu ya mbele pamoja na uilaze kwenye shingo. Kamba kuu ianze kwenye shina la pembe au kwenye shingo, kisha ipigwe kitanzi cha pili kwenye pua ili shingo inyooke na kidevu kiinuke. Kichwa kinachoning'inia upande mmoja hugeuka nanga. Mvingirishe juu ya karatasi ya plastiki kwa kutumia miguu yake kama mpini: shika mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja, wewe ukiwa upande wa mgongo, na umvute kuja kwako, kisha urudi nyuma haraka.

Weka mbao zikiachana kiasi cha upana wa kifua cha mnyama, bapa zikiwa zimeng'ang'ania ukingo, na ncha za chini zimechimbiwa kidogo ardhini. Nyunyiza maji kwenye mbao, kwani plastiki iliyolowa huteleza vizuri zaidi.

Hesabu ya mvuto si ngumu, na inasaidia kujua unachokabiliana nacho. Mnyama wa kilo 200 kwenye mbao za mita 3 zinazopanda sentimita 80 anadai mvuto wa kilo 53 kwa ajili ya mwinuko peke yake. Msuguano huongeza takriban kilo 60 hata ukiwa na plastiki, hivyo jumla ni zaidi ya kilo 110. Ukiwa na kapi inayotembea, winchi itavuta kama kilo 60 tu. Mbao fupi za mita 1.5 zingefanya kilo 53 zile kuwa zaidi ya 100, na ndiyo maana sikubaliani na wanaobeba mbao fupi kwa kisingizio kwamba bodi haina nafasi. Zifunge juu ya kabini.

Sasa zungusha mpini polepole, ukiwa umesimama kando ya fremu, nje ya mstari wa waya. Tupa gunia zito au koti nene katikati ya waya, ili ukikatika usiruke. Usizungushe kamba mkononi, usivuke waya uliokaza, na wala usisimame chini ya ngazi nyuma ya mnyama ukimsukuma wakati winchi inavuta. Mahali hapo ndipo atakapoangukia kamba ikishindwa. Kila baada ya nusu mita simama, hakikisha breki ya winchi inashika, shuka kando, na uangalie mbao, kabari na vifundo. Mnyama akienda upande, mrudishe chini kidogo na kunyoosha mvuto. Usimsahihishe kwa bega lako.

Mabega yakishavuka ukingo, uzito mkubwa huwa umeingia na kazi hulegea ghafla. Endelea kuvuta hadi kifua kifike karibu na fremu.

Mti kama msaada

Kwenye misitu ya miombo, ambako kingo ni adimu na miti kama mininga ni mingi, baadhi ya wawindaji hupendelea kumning'iniza mnyama kwenye tawi na kurudisha gari chini yake. Njia hii ninaikubali kwa mnyama asiyezidi kilo 100, kama ngiri au swala pala mkubwa, na kwa sharti la kuelewa jambo moja: kamba ikipita juu ya kapi iliyo tawini na kushuka hadi kwenye winchi iliyofungwa chini, tawi hubeba uzito wa mnyama pamoja na mvuto wako, yaani karibu maradufu. Mnyama wa kilo 100 ni kilo 200 kwa tawi. Chagua tawi bichi, nene kama paja la mtu mzima, na ufunge kapi karibu na shina. Funga kamba kabisa kabla ya kuingia kwenye gari, na usipite chini ya mnyama anayening'inia hata kwa sekunde moja.

Pofu na nyati

Kwa wanyama hawa sina njia ya kupakia mzima ambayo ningemshauri mtu aliye peke yake. Wakate. Mguu wa mbele hauna kiungo cha mfupa kinachoushika na mwili, hivyo kisu peke yake huutoa ukikata nyama iliyo kati ya bega na mbavu. Mguu wa nyuma hutolewa kwa kufuata mfupa wa nyonga hadi kwenye kifundo cha mviringo, ambacho hufunguka ukikata mshipa wake. Shingo, mgongo na mbavu hutenganishwa kwa msumeno. Mguu wa nyuma wa nyati dume bado ni mzito mno kubebwa mgongoni, kwa hiyo uburute kwenye plastiki na uvute kwa winchi kama ulivyoelekezwa. Kichwa, ngozi na pembe, hata vikishakatwa, visafiri pamoja na nyama na visiachwe porini kabla ya ukaguzi. Hizo ni nyara, na ndizo zinazothibitisha kwamba mnyama uliyemchukua ndiye aliyeandikwa kwenye leseni.

Kufunga na kurudi

Uzito mkubwa ukae mbele ya ekseli ya nyuma. Kwenye pikapu ya kabini mbili, ambayo bodi yake ina mita moja na nusu hivi, mnyama mrefu atalala mshazari au miguu yake itakunjwa. Kuifunga ikiwa imechomoza nje ni hatari kwa waendesha bodaboda watakaokufuata kuanzia Mbagala au Kibaha. Chini yake tandika matawi mabichi ili hewa ipite, weka barafu iliyo ndani ya mifuko kwenye kifua kilicho wazi, na funga mikanda minne kwenye pembe za bodi. Turubai liwe juu bila kugusa nyama, kwa maana likibana joto, barafu yako haitasaidia kitu. Simama baada ya kilomita 10 za kwanza ukaze mikanda upya, kwani mzigo hutulia na mikanda hulegea. Leseni na vibali viwe mahali pa kufikiwa kirahisi kwenye vizuizi.

Kushusha nyumbani hufuata njia ile ile kinyume chake, winchi ikiachia polepole wakati mnyama anateremka mbao, na si kwa kumsukuma aanguke. Baadaye osha bodi kwa maji mengi na sabuni kabla damu haijakauka, hasa kwenye matundu ya boliti, kwa kuwa damu ina chumvi na chuma kitaoza hapo kwanza. Nyosha waya wote wa winchi, ukague kama una nyuzi zilizokatika, na uupake mafuta kabla ya kuukunja tena. Waya wenye nyuzi zilizokatika ubadilishwe kabla ya safari nyingine.